Gololi Sakafuni

Kabla hujamwonyesha dalali vyumba,
mwonyeshe gololi.
Hekima yangu yote ni hiyo, mimi Uberlinda,
fundi cherehani mstaafu, mjane wa Nibaldo,
ngazi mia na kumi na nne juu ya bandari ya Valparaíso,
nyumba ya bati la samawati
lililopauka upande wa upepo.

Nilianza kwa kuuliza watu. Si madalali, watu.
Nilimuuliza muuza nyama wa chini kabisa ya ngazi,
na yule dada aliyehama mwezi wa nne:
nani alikuuzia, ulilipwa lini,
na simu, aliendelea kupokea
alipokwisha kuionja kamisheni?
Wawili walicheka kabla ya kujibu.
Kicheko nacho nikakiandika daftarini.

Wa kwanza alikuja na viatu
vinavyong'aa kuliko madirisha yangu.
Hakumaliza dakika kumi, akataja bei
iliyonifanya nishike ukingo wa meza.
Nikamuuliza, "Kilima hiki, mwaka huu, umeuza ngapi?"
Akanipa habari za mji mzima.
Nikarudia, kama nirudiavyo mshono uliofumuka.
Akanipa habari za nchi.
Nikatoa gololi ya mjukuu wangu, ya kijani,
nikaiachia sakafuni.
Ikabingirika polepole, kisha mbio,
kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni.
Akaizuia kwa kiatu,
akatabasamu,
akaendelea kusifu mandhari.

Bei kubwa ni gauni lililokatwa bila kupima:
hupendeza likiwa ukutani.

Wa pili alitaka sahihi yangu,
mwaka mzima, yeye peke yake,
na chai haijapoa.
Nikampa chai.

Husemwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Nyumba yangu ni vyote viwili,
inategemea umesimama wapi.

Eliana Huenchumil alifika akihema.
"Mia na kumi na nne," alisema, salamu ikafuata.
"Wenye magoti mabovu tusiwahangaishe."
Akafungua bomba, akasikiliza maji.
Akauliza jioni hupungua kiasi gani,
na ile lifti ya reli imesimama tangu lini,
na jirani wa juu ana mbwa wangapi.
Nikaiachia gololi.
Hakuizuia. Aliifuata,
akapiga magoti na sketi yake nzuri
hadi ilipopotelea.
"Nyuma ya kabati kuna nini?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema.
Mimi sikuziba, wala sikujenga.
Ardhi ilipotikisika, Nibaldo akaniangalia, nikamwangalia,
tukasukuma kabati.

"Tumwambie mnunuzi," alisema Eliana,
"kabla gololi haijamwambia."

Bei yake ilikuwa pungufu kwa robo. Iliniuma, sitadanganya.
Lakini alitandaza karatasi:
nyumba tatu za kilima hiki, zilitajwa ngapi, ziliuzwa ngapi,
zilikaa sokoni siku ngapi.
Na ya nne, iliyomshinda.
Hiyo ya nne niliisoma mara mbili.

Nikambana kwenye kamisheni. Akakataa
kwa upole, kama mtu anayekataa sukari.
Moyoni nikafurahi:
asiyeutetea mfuko wake
ataupigania vipi wangu?

Siku ya pili tulisogeza kabati, sisi wawili,
mgongo wangu ukilalamika kwa sauti.
Ufa ulikuwa pale, mwembamba kuliko hofu yangu,
na gololi imetulia chini yake,
na kando ya gololi, ndani ya vumbi,
kifungo cha koti la Nibaldo,
kile nilichokitafuta hadi nikamshonea kingine
kisichofanana.

"Hiki hakiuzwi," nikamwambia.
Hakucheka.
Akafungua daftari lake,
akakiandika.