Tulimtoa Nani

Zihindula alimleta ndani ya jerikeni lililokatwa shingo,
siku ya Jumanne, mchana, bila kujificha.
Kazi yake ni kuopoa plastiki pale Ruzizi inapotoka ziwani,
kabla chupa za Bukavu nzima hazijaziba mitambo ya umeme:
chupa, kandambili, kichwa cha mwanasesere,
na siku hiyo, akasema, huyu.

Urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko.
Mkia wa samaki, sawa, magamba ya kijani kilichochujuka,
lakini juu, kifua, na vidole vitano vitano,
na uzi wa nyavu umemkata begani.
Nikasema: Mrudishe.
Akasema: Kidonda kikipona.
Kidonda kilipona kabla ya Pasaka.
Sasa mvua za Septemba zimeanza.

Hapa Kadutu kila mtu anajua mamba-mtu ni nini.
Hufugwa na matajiri. Hupewa chumba chenye kufuli,
naye hutapika dola usiku,
na kila mwaka nyumba hiyo hutoa jeneza.
Basi nieleze mimi, ninayemfuga katika pipa la bluu
nyuma ya jiko, chini ya bati linalovuja:
dola ziko wapi?
Anakula sambaza makopo mawili kwa siku.
Waliokauka hawataki. Anataka wabichi, wa alfajiri.
Maji ya Rejideso yanamwasha, kwa hiyo nashuka mwenyewe
hadi ziwani na bidoni mbili, napanda nazo mlima,
magoti yakinihesabia ngazi.
Nina deni kwa Nabintu muuza samaki
la kutosha kununua mbuzi.

Na bado wanakuja.
Alikuja fundi redio, amevaa suti yake ya harusi.
Alikuja mwalimu wa katekesi, saa nne usiku,
akakohoa mlangoni kama mdeni.
Kila mmoja anainama juu ya pipa,
ananong'ona kiasi anachotaka,
na yule anawapulizia mapovu.
Mmoja alimpa biskuti.

Nilikuwa nacheka, mimi. Kweli.
Mpaka siku ile kwenye foleni ya unga
nikasikia nyuma yangu sauti ya taratibu, isiyo na hata chuki:
"Ndiye huyo. Walimtoa Mushagalusa wao."

Mushagalusa wetu alikufa Novemba,
kwa homa ya siku tatu, ana miaka sita.
Pipa lilikuja Februari.
Novemba, Februari: hesabu ya darasa la kwanza,
lakini mtaa ukitaka kuhesabu
huanzia panapoupendeza.

Sikumwambia Zihindula.
Yeye jioni huvuta kigoda, humsimulia yule habari za mitambo,
kisha hutumbukiza mkono, na yule hukamata kidole gumba,
hakiachii.
Nakijua kidole gumba kile. Najua nani alikuwa akilala amekishika.

Jana umeme ulikatika tena.
Nikaenda kwenye pipa na mshumaa, nikamwambia:
Kama ndiwe wanayemsema, sikiliza bei.
Dola hukutoa, sawa, kaa nazo.
Biashara hii tuifanye kinyumenyume.
Chukua jiko, chukua bati, chukua na deni la Nabintu,
kisha urudishe.
Sikutaja nini.

Alipanda juu ya maji hadi kifuani.
Akanitazama kwa macho yasiyo na kope.
Akafungua mdomo,
nami, Mungu anisamehe, niliinama nisikie.

Alitaka sambaza.

Walikuwa wamebaki saba sahanini.
Nikampa mmoja mmoja, kwa mkia,
mkono wangu majini hadi kiwiko,
hata baada ya sahani kuisha.
Kesho lazima nishuke ziwani mapema.
Maji ya pipa yameanza kunuka.