Povu

Nilikuwa napenda povu.
Tusifichane: nilipenda linavyopanda
mpaka viwikoni, linavyonong'ona,
nikaamini kazi inafanyika.
Unga wa pakiti ya buluu,
harufu ya maua nisiyoyajua jina,
na shuka za kituo cha afya
thelathini na mbili kila Jumanne,
jiwe langu pale pale, chini ya daraja la Kisiwani,
na Zigi unapokea yote.
Mto haudai risiti.

Siku hiyo nilishuka kumtafuta Mashavu,
kaniponyoka na kindoo chake.
Nikamkuta konani, matete yamebana maji
na povu langu limekaa pale, limezeeka,
rangi ya maziwa yaliyolala.
Kalichota, anajipaka ndevu.
"Mama, kaa wamehama."
Nikafunua jiwe. Nikafunua la pili.
Kweli, hata mmoja.

Usiku sikulala. Maji haya hayaishii hapa,
yanateremka hadi Mabayani, yanatiwa dawa,
yanaingia bombani,
na dada yangu Mwantumu, kule Chumbageni,
anakinga, anateleka chai.
Miaka yote hii
nimekuwa nikimpelekea salamu gani?

Nikamwendea Mama Shemdoe,
apikaye sabuni ya nazi kwenye sufuria iliyokatika mkono.
Mche mmoja, rangi ya ugali wa dona,
haunukii kitu.
"Povu lake haba," akanionya,
"na usijidanganye, nayo ni sabuni.
Samaki hachagui ya nazi na ya dukani.
Chota, panda nayo, fulia juu,
kisha mwaga migombani.
Udongo una subira kuliko mto."

Basi napanda na ndoo, hatua sitini,
kiuno kinanisema.
Wenzangu nilipowaambia wakatoa povu
kuliko sabuni zao:
"Kwani mto wa babako?"
Si wa babangu.
Ndiyo maana.

Baba Mashavu kavaa shati, kanusa ukosi,
akauliza kama limefuliwa.
Limefuliwa, nikasema.
Linanukia shati.

Jumanne iliyopita mtoto kafunua jiwe,
akatazama,
hakuniita.
Akalirudisha polepole
kama mtu anayefunga mlango
wa chumba chenye aliyelala.