Robo

Dada yangu Kilufya alituma kutoka Ohio
soksi moja ya mtoto, imepigwa fundo,
ndani yake robo za dola arobaini na mbili.
Dola kumi na nusu. Nilihesabu mara tatu.

Mimi nabadilisha pesa, meza yangu iko Kamalondo.
Noti yenye mkunjo naikataa,
yenye tundu la sindano naikataa,
basi ikawa zamu yangu.
"Vifungo vya koti hivyo," wenzangu wakacheka,
"nenda kwa fundi cherehani."

Usiku nikazitia majivu na ndimu,
nikasugua hadi kila tai akang'aa
kama sufuria ya bibi harusi.
Nilidhani usafi ni thamani.

Nawej alikuja kulipa deni, hakuwa nalo.
Alikuwa na mizani ya maabara,
ile aliyotoka nayo kiwandani
badala ya mishahara ya miezi thelathini.
Akapima moja: gramu tano na kitu.
Akaisimamisha ubavuni, karibu na taa.
"Ona mstari."

Mwekundu, mwembamba kama uzi wa kushonea.
Uso wa nikeli, moyo wa shaba.
Rangi ya maji ya kufulia ovaroli za baba,
kila Jumamosi, beseni la tatu.
"Ni yetu hii?" nikauliza.
"Shaba ikishayeyuka haina kwao," akasema,
akaendelea kupima.

Ya thelathini na tisa ikavuta mizani chini.
Ubavu mweupe mzima, hakuna uzi.
Akaiangusha sakafuni
ikalia, ikalia,
mtoto wa jirani akachungulia dirishani.

"Hii ni fedha."
"Kwani zile nyingine si fedha?"
Akanyamaza kidogo. Akacheka.
Hapo lugha yetu ilikuwa imetukamata sote wawili.

Akatoa lenzi. Mwaka elfu moja mia tisa thelathini na mbili.
Chini ya tai, herufi ndogo: D.
Nikaona shingo yake ikikaza.
"Kuna watu huko wanaitafuta hii. Dola mia, hata zaidi."
Kisha akaigeuza, akaigeuza tena.
"Umeisugua?"
"Kwa ndimu."

Akairudisha lenzi mfukoni, polepole,
kama mtu anayefunika maiti.
"Wakusanyaji hununua uchafu wa miaka, Mama Ngoie.
Wewe umeuosha."

Sasa imebaki uzito wake.
Sehemu tisa kati ya kumi ni fedha.
"Na ya kumi?"
"Ya kumi ni shaba."
Akasema hivyo akiangalia kando,
na mimi nikaangalia kando,
sisi tuliozaliwa mkoa ukiitwa Shaba.

Deni lake nimelikata robo.
Ile nyeupe nimeirudisha kwenye soksi, iliyong'aa, mjinga wangu.
Moja ya uzi mwekundu nimeiweka mezani
juu ya bunda la faranga:
upepo wa Septemba una mikono mirefu,
na kazi ya kukandamiza makaratasi
hii inaiweza.