Kabati la Wilmar

Aprili, Paysandú. Nélida ametoa makoti ya marehemu,
na kwenye hanga zilezile ametundika matawi ya bangi,
vichwa chini, kama popo.
Giza. Feni ndogo. Mlango wazi upana wa kidole.

Siku ya tisa anapinda kijiti: kinanyong'onyea.
Bado.
Ya kumi na mbili: ka!

Sasa anaivumbika chupani. Lebo bado zasema "Jamu ya pichi",
mwandiko wa Wilmar, herufi zinaegemeana.
Hazibandui.
Kila asubuhi anafungua vifuniko, majani yapumue,
ananusa kama yamevunda,
anafunga.

Magoti yatangoja hadi Juni.

Na kabatini, kwenye bega la hanga moja,
harufu ya sigara zake mzee
imegoma kuhama.