Mchagua Jembe

Wanasema mchagua jembe si mkulima.
Basi mimi, Chinduli wa Newala, si mkulima:
robo saa nzima niko mbele ya kioo
napitisha mataifa moja moja
kama mama apitishavyo korosho kwenye ungo,
hii safi, hii daraja la pili, hii ya mdudu.

Wenye farasi. Wenye mizinga. Wenye tembo.
Wenye makuhani wanaomgeuza adui kwa wimbo
akashusha mkuki, akaomba jembe.

Hokororo hachagui. Yeye ni wa farasi.
Kutwa ana mashine ya salfa mgongoni,
anapulizia mikorosho ya watu kwa malipo ya mti mmoja mmoja,
macho mekundu, kikohozi cha njano,
kwa hiyo usiku hataki kungoja kitu kikue.
Mji wake ni vibanda vitatu na zizi.
Kabla chai yako haijapoa
keshafika getini na moto.
Akishindwa, anashindwa mapema, analala.
Sijui kati yetu nani anafaidi.

Somoe Nampoto anauza vitenge stendi.
Ungedhani atachukua wafanyabiashara.
"Kuombwa kupunguza nimechoka," anasema, "nataka kuamrisha."
Anachukua wale wa himaya, wa kodi na mihuri,
na kila kijiji anachokiteka
anakipa jina la mdeni wake.
Juzi usiku alimteketeza Mwalimu Nangumbi mara mbili,
asubuhi akamwamkia vizuri tu.

Nawe Yustino, uliyekuja juzi kutoka Masasi
na kompyuta ya mtumba isiyo na herufi M,
unaniuliza taifa gani ni bora.
Hakuna lililo bora. Kuna mkono.
Jitazame unavyokula ugali:
unaanza na samaki, au unamwacha mwisho?
Anayemwacha mwisho asiguse farasi.
Anayegombana na jirani kwa mpaka wa shamba
achukue wenye kuta, ajenge, atulie.
Anayekopa akitegemea mnada wa Oktoba
anaweza taifa lolote,
amezoea kula mali isiyofika.

Mimi? Wananicheka.
Nachukua wachimba mifereji,
wanaovuna mara mbili wakikaa mtoni.
Askari wao wamevaa kama wapishi.
Ramani ikifunguka, giza likijikunja pembeni,
sitafuti dhahabu wala chuma,
natafuta ule uzi wa buluu.
Nisipouona naanza upya.
Niliwahi kuanza mara saba,
Hokororo anavua viatu, anavaa,
anauliza kama tunacheza au tunaposa.

Usiku mmoja mama aliingia kuchukua chaja.
Usichana wake wote
alishuka genge alfajiri na kupanda na ndoo,
akifika juu, jua limemtangulia,
na nusu ya maji iko mgongoni mwake.
Sasa tuna bomba,
siku bomba linapotukumbuka.

Akainama mpaka kioo kikampaka rangi usoni.
"Huo mto wa nani?"
"Wangu."
"Wote?"
Nikamwonyesha: unaanzia kule milimani,
unapita chini ya ukuta, kati ya nyumba,
kila mlango na ngazi yake ya kutekea.

Hakusema kitu.
Aliweka kidole pale maji yanapopinda
akakiacha.

Hokororo akaja na farasi kumi na wawili.
Akachoma ghala. Akachoma soko.
Akavunja ukuta wa kaskazini akipiga kelele,
"Chinduli! Umelala?"
Sikugusa kitu.
Nilikuwa nangoja mama amalize.