Kwa Mgeni Anayetaka Kushuka na Chukudu

Panda Kibumba siku moja mapema.
Beba sweta na soksi mbili,
hata kama Goma unatokwa jasho:
baridi ya kule haina haya.

Amka kabla ya malori ya kabichi.
Mvua yetu hupenda mchana,
na lami iliyolowa haina rafiki.

Chukudu usikodi ya kwanza kuonyeshwa.
Ligonge gurudumu kwa kidole:
mkaratusi ukiitika kwa sauti kavu, sawa;
ukinyamaza, umeoza.
Breki ni kipande cha tairi chini ya kisigino.
Ndiyo. Hicho tu.

Goti moja ubaoni, macho mbali.
Mimi Sebisogo niliangalia gurudumu,
mwaka ule wa viazi vingi,
na jiwe jeusi la volkano likabaki hapa, kwenye paji.
Liguse, usiogope.

Usishuke bila mzigo. Chukudu tupu hurukaruka kama mbuzi.
Tutakufungia karoti, nusu gunia,
dada yangu Nyota atazipokea sokoni Virunga,
atazihesabu.

Kushuka huisha upesi.
Kila mgeni huniuliza habari za kushuka.
Kuisukuma kurudi juu, siku nzima,
bado hajaniuliza mtu.