Rambirambi ya Mburahati

Benki waliniuliza hati ya nyumba.
Nikawapa skripti, kurasa tisini na mbili,
nimezishona kwa uzi mweusi wa cherehani.
Kijana wa dirishani akaipima kiganjani
kama anayeshuku mizani ya muuza nyama,
akasema, "Dada, hii haikai kwenye mfumo."

Basi nikarudi kwenye mchezo.
Wanawake kumi na wawili, elfu hamsini kila mwezi.
Zamu yangu ilikuwa ya tisa;
nikambembeleza Sikudhani wa zamu ya tatu
tubadilishane, nimwongeze na kitenge.
Hivyo mchezo ukazaa mchezo.

Laki sita. Andika, Tabu, usije ukasahau:
kamera ya Shomvi, mpiga picha za harusi,
Jumatatu hadi Alhamisi tu,
na tusiguse kadi yenye bibi harusi wa Segerea
ambaye hajamaliza kulipa.
Chai na mihogo, watu kumi na mmoja.
Ya soda kwa mjumbe, asiyekunywa soda.
Kinasa sauti tumekifunga kwenye mpini wa fagio,
Kassian ameuinua tangu asubuhi, mikono inatetemeka,
na kila nikisema "Kimya!"
linapita gari la matangazo, dawa ya kunguni.

Tukafika onyesho la arobaini na moja.
Ukurasa ulisema: *Msiba. Watu wengi.*
Loo, kalamu ni tajiri!
Mimi nilikuwa na watu sita
na elfu kumi na moja.

Jeneza tuliazima Keko kwa fundi Pazi,
lisikwaruzwe, lina mwenyewe Jumamosi.
Turubai la mkopo, viti kumi na vinne.
Hemedi, ambaye siku hiyo aliitwa Anakleti,
tukamlaza, pamba puani.
Nikamwambia, "Ufe vizuri, tuna betri moja."
Kisha nikasema, "Lieni."

Wakalia.
Mtaa ukasikia.

Nani huuliza maswali kwenye kilio?
Mama wa genge alikuja na kuni kichwani,
mafundi pikipiki na oili yao mikononi,
mwanamume mmoja akaanza kupanga zamu za kuchimba kaburi
kabla hajajua ni la nani.
Shomvi alinitazama. Nikampa ishara: usizime.
Mungu anisamehe, nilisema usizime.

Sahani ya bati ilitoka wapi, sijui. Ikazunguka.
Bi Kuruthumu akafungua fundo la khanga:
buku mbili, imekunjwa hadi imekuwa punje.
Akaiweka, akalia kilio
ambacho sikukiandika,
ambacho hakinunuliki kwa posho ya mihogo.
"Umetangulia, mwanangu," akamwambia Hemedi.
Na kope za marehemu wetu zikacheza.

Elfu sitini na tatu na mia tano.
Nilizihesabu mara mbili, chooni,
nikatoka, nikapanda kiti, nikasema ukweli.
Wengine walicheka. Wengine walisonya.
Mmoja aliyeweka mia tano akachukua buku.
Mama wa genge akasema, "Baki nazo,
ila nionekane, na kuni zangu zionekane."
Bi Kuruthumu hakuwepo, alishawahi swala.

Zilizobaki zikawa betri, bando, na wali wa siku ya mwisho.
Majina yakipanda mwishoni mwa picha,
chini ya neno *Mfadhili*
lipo jina moja tu, la Bi Kuruthumu,
na mwenyewe hajui.

Ila Hemedi alimwona, wiki mbili baadaye,
kwa muuza chipsi, mdomo umejaa.
Hakupiga yowe. Alimkagua kuanzia viatu.
"Ndiye wewe?"
"Ndiye mimi, bibi. Ilikuwa picha."
"Picha."
Akalikaza fundo la khanga, akavuka barabara,
kisha akageuka:
"Haya. Ila siku ukifa kweli
mimi usinihesabu.
Nimeshalipa."